Cheche Avaa Miwani

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa ndevu zangu, na mnajua nilivyohangaika kuzifuga. Nikiongeza chumvi hata punje, zinyolewe.

Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Binti yake tunamwita Cheche. Tangu amalize shule anachomelea mageti na baba yake, na wote wawili hawakuwa wakivaa miwani ya kukinga macho. Mtaani kwetu fundi akivaa miwani huambiwa anaogopa moto. Kwa hiyo walifumba jicho moja na kuendelea. Jioni macho yaliwawasha kama yametiwa mchanga.

Asubuhi moja redio ilitangaza nafasi za jeshi la majini. Cheche akaweka nyundo chini.

"Baba, mimi naenda."

"Huendi. Jeshini huingii bila mtu wa kukushika mkono. Kuna bwana anauza nafasi. Unataka tuuze mashine tumpe?"

"Nafasi ya kununua siitaki."

"Basi chomelea geti."

"Geti nitalimaliza. Halafu naenda."

Jirani yetu, mama tunayemwita Sajini, alikuwa akisikiliza dirishani kwake. Alikuwa fundi wa injini katika meli za kivita hadi alipostaafu.

"Fundi, mashine yako usiiuze," alisema. "Anayeuza nafasi ni tapeli. Mripoti polisi. Tangazo liko wazi, hata ofisi ya serikali ya mtaa wamelibandika. Someni masharti yote. Apeleke cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, afanye mazoezi, akapimwe afya."

"Akafanye nini huko? Apige deki?"

"Deki atapiga. Hata mimi nilipiga. Lakini meli ni mji unaoelea. Ina mafundi umeme, wapishi, wauguzi, wapiga mbizi. Ina wachomeleaji pia. Akimaliza mafunzo ya mwanzo, aombe fani anayoiweza. Atasomeshwa, atapanda cheo ngazi kwa ngazi, na siku ya kutoka atatoka na ufundi wake. Ila si lelemama, mwanangu. Amri ni amri, hatari ipo, na nyumbani utapakumbuka."

Kisha akamwinua Cheche kidevu. "Na macho haya mekundu? Huko yanapimwa. Ukiendelea hivi utaishia mlangoni."

Kesho yake Cheche akaja na miwani ya kuchomelea. Karakana nzima ikacheka.

"Shikamoo, nzi mkubwa," alisema mmoja.

"Marahaba," Cheche akajibu. "Chekeni tu. Macho yangu nina kazi nayo."

Alfajiri alikimbia. Jioni alikwenda bwawani. Kuogelea nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilipiga mbizi kama pomboo, nikambeba mgongoni kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku ya usaili alikimbia, akaogelea, akasoma ubao wa daktari hadi herufi ya mwisho.

"Mchomeleaji mwenye macho mazima?" daktari aliuliza.

"Navaa miwani."

"Wenzako hawakucheki?"

"Wananicheka. Halafu wananiomba niwasomee tepu ya kupimia."

Alichukuliwa. Leo anachomelea vyuma vya meli, na cheo cha kwanza ameshapata. Baba yake naye anavaa miwani. Anayemcheka hubeba geti peke yake.

Jana Cheche alikuja likizo. Akawasomea baba yake na Sajini karatasi hizi nilizoandika, kwa sauti. Alipofika sehemu ya bwawani akanigeukia.

"Babu, nani alinifundisha kuogelea?"

"Si mimi?"

"Ni Sajini. Wewe ulikaa ukingoni umenishikia viatu. Na kimoja kilipokuponyoka kikazama, nani alikifuata?"

Nilikohoa. "Wewe."

Fundi akavaa miwani yake, akaniangalia vizuri. "Mzee, uliapa kwa kitu gani vile?"

Sajini alikuwa ameshaleta wembe.

Mistari hii ya mwisho naiandika kidevu kikipigwa na upepo.