Kiatu Kinachotembea Chenyewe

Fundi viatu alikuwa na hasira tangu Jumatatu. Binti yake ana mguu mmoja mfupi. Baba mtu akamshonea kiatu chenye soli nene, na darasani wakamcheka! Sasa mtoto amekikataa, anachechemea na ndala. Mgongo unamuuma.

"Wamcheke mwanangu? Watanitambua!" alisema fundi.

Akamwomba mwalimu awaonyeshe wanafunzi filamu fupi ya kiatu hicho, na mwalimu akakubali kuionyesha kesho yake. Basi fundi akaweka kiatu cha binti na mpira mdogo mezani. Kwenye simu alikuwa na programu ya kutengeneza filamu kwa picha. Unapiga picha, unasogeza kiatu kidogo, unapiga tena. Programu inaunganisha picha zote, na kiatu kinaonekana kinatembea chenyewe.

Kiatu kilikuwa kimeukaribia mpira. Fundi akatoka kwenda kunywa maji. Aliporudi, meza inang'aa na kiatu kiko mlangoni.

"Viatu mezani? Nyumba gani hii!" alisema mama mkwe, kitambaa mkononi.

Fundi akafura. Lakini mkwe hafokewi. Akaifokea meza. Akamfokea paka. "Kazi yote bure! Nitajuaje kilipokuwa?"

Kelele zilimleta jirani, mpiga picha za harusi. Akaitazama simu.

"Shemeji, mbona umezima kivuli?"

"Kivuli gani? Ule ukungu? Nilidhani simu imeharibika."

"Wee! Ile ni picha yako ya mwisho. Inaonekana kwa mbali, ili ujue kitu kilikuwa wapi. Na simu haishikwi mkononi. Ikitikisika, filamu nayo inatikisika."

Akawasha kivuli. Akaibana simu kati ya matofali mawili mpaka ukingo wa meza ukalingana na ule wa kwenye kivuli.

"Kumbe nimejitakia mwenyewe!" Fundi akasonya.

"Nipisheni," alisema mama mkwe. "Nilikitoa mimi, nakirudisha mimi."

Akakisukuma kiatu kwa kidole, macho kwenye simu.

"Kushoto kidogo, Mama," alisema fundi kwa adabu, meno yameumana.

Kikalingana sawasawa. Wakaendelea, picha baada ya picha, mpaka kwenye filamu kiatu kikaupiga mpira ukatoka nje ya meza. Usiku huohuo fundi akamtumia mwalimu.

Asubuhi mtoto aliondoka na ndala, kiatu amekitia kwenye mkoba. Jioni alirudi amekivaa. Kiatu kimejaa vumbi, ncha yake imechubuka.

Fundi akaruka. "Ngozi mpya! Nani amekiharibu?"

"Mimi, baba. Wale waliocheka nimewafunga goli."