Barua Saba za Tauqir

Umeme ulikatika Seelampur nzima, mtaa wa Delhi, feni za karakana ya Tauqir zikazimika, lakini mkono wa roboti ukaendelea kufungua simu mbovu. Shagufta akautazama waya wake. Ulikuwa umechomolewa.

"Bosi," akanong'ona, "unaendeshwa na nini?"

"Na dua zangu," alijibu Tauqir, akichekelea.

Dua! Mtu bahili hata wa salamu! Mkono ule aliununua mtumba, ukafa kabla ya mwezi kwisha, na badala ya kumwita fundi alimwamuru Shagufta amwandikie barua kwa majini wa magofu ya Kotla, ambako watu wa Delhi hupeleka shida zao kila Alhamisi. Wengine huomba watoto wapone. Yeye aliomba mkono usiochoka, ili awafukuze wanawake kumi na mmoja waliofungua simu kwa bisibisi, Shagufta akiwemo. Tena akatoa nakala saba, akachomeka kila moja kwenye tundu la jini wake ukutani, kana kwamba anaomba leseni serikalini. Mjinga yule hakufikiri kwamba wote saba wangeitika.

Siku ya tatu tangu mkono ufufuke ikaja harufu ya waridi na nywele zinazoungua. Simu zisizo na betri zikaita ndani ya magunia. Simu zilizorundikwa mezani zilipokwisha kufunguliwa, mkono haukusimama. Ukafungua mizani, ukafungua kufuli la mlango, ukaishusha feni na kuitenga kipande kwa kipande, shaba trei ya shaba, plastiki trei ya plastiki, huku sauti zikinong'onezana chini ya meza, zikigombania nani afungue kinachofuata, mpaka Naznin, mdogo wake Shagufta, akapiga ukelele, maana bangili zake zilikuwa tayari kwenye trei ya vioo na vidole vya chuma vilikuwa vimemshika kifundo cha mkono.

Wenzake wote kumi walimvuta, akachomoka.

Qari Mustansir, msomaji wa Kurani na mtaalamu wa majini, alipoitwa alinusa mlangoni akakataa kuingia.

"Uliwaita wachukue kazi ya watu," alimwambia Tauqir kwa sauti ya chini. "Apa kwamba wanawake hawa watabaki na kazi yao, nao wataondoka. Ukivunja, usiniite."

"Wallahi watabaki! Wallahi!" alilia Tauqir, makamasi yakimtiririka. Shagufta aliona aibu kwa niaba yake. Harufu ikatoweka, mkono ukalala.

Wiki iliyofuata Tauqir alikuja amejipulizia manukato, tumbo mbele.

"Fundi ameshautengeneza mkono. Nyinyi kesho msije."

"Na kiapo, bosi?"

"Ah! Yalikuwa maneno ya woga tu. Mlidhani nitawalisha milele?"

Shagufta hakumbembeleza, mtu wa namna ile hakustahili hata tusi. Na nyuma ya Tauqir mkono ulikuwa ukijinyoosha taratibu, ukamvua miwani, ukalegeza skrubu zake mbili, vioo ukavitia trei ya vioo na fremu trei ya plastiki, kisha ukarudi usoni pake ukampapasa taya, polepole, ukitafuta pa kuanzia.

"Dada Shagufta," alinong'ona Tauqir, "waambie..."

"Waambie mwenyewe, bosi. Wewe ndiye uliyewaita."

Akavuta kiti, akaketi.