Antena ya Kina Bupe

Kaeni vizuri, niwaambie habari ya Sekela.

Sekela ana miaka sita. Anakaa na mama yake huku milimani, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Huku mvua hunyesha karibu kila siku.

Mama yake huchuma chai. Akirudi nyumbani, vidole vyake vinanukia majani mabichi.

Ndani mna meza. Juu ya meza kuna televisheni. Pembeni yake kuna king'amuzi, kisanduku cheusi chenye taa moja ndogo.

Na nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, umechimbiwa mti mrefu mkavu, kama mlingoti wa bendera. Juu ya mti huo kuna antena. Ukiitazama utadhani ni mifupa ya samaki.

Kila Jumamosi saa kumi jioni kuna kipindi cha watoto. Kinaitwa Kobe Mpishi.

Kobe Mpishi anavaa kofia nyeupe. Anapika polepole, huku anaimba:

"Koroga, koroga, chungu changu koroga. Kikiiva tule sote, koroga."

Watoto wote wa darasa la kwanza wanaujua wimbo huo. Sekela anaujua nusu tu.

Kwa sababu kwa kina Sekela, Kobe akianza kuimba, "Koroga, koro..."

Kra-kra-kra! Tu.
Picha inakatika vipande vipande.

Jicho la Kobe linakwenda huku. Kofia inakwenda kule. Miguu haionekani kabisa. Halafu kioo kinakuwa cheusi, na maandishi yanatokea katikati. Mama humsomea: "Hakuna mawimbi."

Mama hukipiga king'amuzi kikofi kidogo. Huchomoa waya, akauchomeka tena. Huenda nyuma, akautikisa ule mti.

Kra-kra-kra! Tu.
Picha inakatika vipande vipande.

Nyumba ya pili wanakaa kina Bupe. Bupe ni rafiki yake Sekela. Wanakaa dawati moja shuleni.

Kwa kina Bupe, picha imetulia. Mvua ikinyesha, imetulia. Upepo ukivuma, imetulia.

Jumamosi moja Sekela alikwenda kuangalia kipindi kwa kina Bupe. Alikaa mkekani na watoto wengine. Alimwona Kobe mzima. Aliona hadi kucha zake.

Bupe aliimba wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akawaambia wenzake, "Kwa kina Sekela, Kobe hana miguu."

Watoto wote wakacheka. Bupe hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Lakini wivu ukamwasha Sekela.
Washa, washa, kama upupu.

Kipindi hakijaisha, Sekela akainuka. Akasema tumbo linamuuma. Akaenda nyumbani.

Jumatatu, mwalimu aliuliza nani anaweza kuwaongoza wenzake kuimba wimbo wa Kobe. Bupe akanyoosha mkono. Bupe akasimama mbele. Bupe akapigiwa makofi.

Wivu ukamwasha Sekela.
Washa, washa, kama upupu.

Bupe aliporudi kwenye dawati, Sekela alikuwa amevuta madaftari yake mpaka ukingoni. Bupe akamuuliza ana nini. Sekela akageuza uso.

Jumamosi nyingine ikafika. Asubuhi Mama alimtuma Sekela bombani na ndoo ndogo. Njia ya bombani inapita uani kwa kina Bupe.

Mti wa antena ya kina Bupe uko pale pale, kwenye kona ya ua.

Wakati wa kurudi, ndoo imejaa maji, Sekela akatazama huku. Akatazama kule. Hapakuwa na mtu.

Akaweka ndoo chini. Akaushika mti kwa mikono miwili. Akauzungusha.

Nyiiii.

Akauzungusha tena, kidogo tu.

Nyiiii.

Kule juu, mifupa ya samaki ikageuka, ikatazama upande mwingine.

Sekela akachukua ndoo yake, akakimbia. Maji yakamwagika njia nzima, chwa, chwa, chwa.

Saa kumi jioni, Sekela alikaa mbele ya televisheni ya kwao. "Koroga, koro..."

Kra-kra-kra! Tu.
Picha ikakatika vipande vipande.

Lakini leo Sekela hakujali picha. Alitega sikio upande wa kina Bupe. Hakusikia wimbo. Hakusikia Kobe.

Akasikia mtu analia. Alikuwa Bupe.

Sekela alidhani atafurahi. Akaisubiri ile furaha. Akaisubiri, akaisubiri. Haikuja.

Baba Bupe akatoka nje. Yeye ni fundi baiskeli, na mfukoni ana spana siku zote. Mama naye akatoka kuuliza kuna nini. Sekela akamfuata, akajificha nyuma ya kanga yake.

Baba Bupe alitazama juu. Akasema antena imegeuka, bila shaka ni upepo. Mama akasema leo hapakuwa na upepo. Basi, Baba Bupe akasema, labda kunguru alitua pale juu.

Sekela akatazama vidole vya miguu yake. Kunguru hawezi kusema. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Lakini Bupe alikuwa amesimama mlangoni, anafuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Siyo kunguru," Sekela akasema. "Ni mimi."

Watu wote wakamgeukia. Maji yakadondoka kutoka paani, to, to, to.

"Kwa nini?" Bupe akauliza.

"Nilikuonea wivu," Sekela akasema. "Kwenu Kobe ana miguu."

Bupe akamtazama. Kisha akageuka, akaingia ndani, akakaa mkekani.

Mama aliona aibu. Alimwomba radhi Baba Bupe. Akamwambia Sekela kwamba wakifika nyumbani wataongea.

Baba Bupe hakumgombeza Sekela. Alisema aliyeigeuza antena ndiye atakayesaidia kuirudisha. Akachuchumaa, akanyoosha kidole kwenye kilima cha ng'ambo ya mto.

"Unauona ule mnara mwekundu na mweupe?"

Sekela akatikisa kichwa kukubali.

"Picha zinatoka pale. Zinapita hewani, hatuzioni. Antena inazipokea. Lakini lazima iutazame mnara, kama wewe unavyonitazama mimi sasa hivi."

Sekela akautazama mnara. Akaitazama antena. Antena ilikuwa inatazama dukani.

Baba Bupe akamwambia akasimame dirishani. Kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na mistari miwili. Ikiwa mifupi, bado. Ikirefuka, picha inakuja.

Baba Bupe akauzungusha mti. Nyiiii.

"Bado," Sekela akasema.

Nyiiii.

"Bado."

Nyiiii.

Mistari ikarefuka, ikarefuka, halafu ikawa mifupi tena.

"Imepita," Sekela akasema. "Rudisha kidogo."

Nyi.

Mistari ikarefuka. Ikabaki hapo hapo. Kobe Mpishi akatokea, mzima na kofia yake, anapunga mkono. Kipindi kilikuwa kinaisha.

Baba Bupe akaukaza mti kwa waya na spana, kri, kri, kri.

"Nisamehe, Bupe," Sekela akasema pale dirishani.

Bupe hakugeuka. Alikuwa bado ana hasira.

Jioni ile Mama aliongea na Sekela, tena aliongea kirefu. Alimwambia kuona wivu ni kitu kinachompata kila mtu, hata yeye mama. Lakini kumharibia mwenzako ni kosa. Sekela akalia. Mama akamfuta machozi kwa vidole vyake vinavyonukia majani.

Jumatatu, Bupe alikaa ukingoni mwa dawati. Safari hii ni yeye aliyevuta madaftari yake.

Jumanne pia.

Jumatano mvua ilinyesha, wakashindwa kutoka nje kucheza. Wakabaki kwenye dawati lao. Wakaitazama mvua. Wakaitazama muda mrefu.

Mwishowe Bupe akauliza, "Antena yenu inatazama wapi?"

Sekela akafikiri. Hakuwahi kujiuliza.

"Inatazama migomba," akasema.

"Migomba?"

"Migomba."

Bupe akaanza kucheka. Sekela akacheka pia. Walicheka mpaka mwalimu akawaambia wanyamaze.

Bupe alipofika nyumbani alimweleza baba yake. Jumamosi mchana, Baba Bupe akaja na spana yake. Alizunguka nyuma ya nyumba, akayatazama majani makubwa ya migomba, yote yamelowa maji.

Akamwambia Mama kwamba king'amuzi ni kizima, na televisheni ni nzima. Ni antena tu. Imejificha nyuma ya migomba, na mnara imeupa mgongo.

Basi wakaung'oa ule mti. Mama akashika huku, Baba Bupe akashika kule. Sekela akaubeba waya. Wakaupeleka mbele ya nyumba, mahali peupe, mahali unapouona mnara wote kuanzia chini hadi juu.

Wakachimba shimo. Chu, chu, chu. Wakausimamisha mti.

Sasa nani atakaa dirishani? Bupe akasema ni zamu yake.

Nyiiii.

"Bado," Bupe akasema.

Nyiiii.

"Bado."

Nyiiii.

Bupe akanyamaza.

"Vipi?" Sekela akauliza.

"Njoo uone mwenyewe," Bupe akasema.

Sekela akaingia ndani mbio. Akasimama mbele ya televisheni. Mistari ilikuwa mirefu, yote miwili. Na picha ilikuwa imetulia.

Saa kumi, Kobe Mpishi akaja na chungu chake. Sekela na Bupe walikaa kwenye kiti kimoja. Nje mvua ikaanza kunyesha, mvua kubwa, shaaaa.

Sekela akabana pumzi. Akasubiri kra-kra-kra.

Haikuja.

Kobe akaimba mpaka mwisho. "Kikiiva tule sote, koroga." Sekela aliuimba mstari huo kwa mara ya kwanza. Aliuimba vibaya. Bupe akamfundisha, akauimba vizuri.

Mvua haikukatika haraka. Mama akapika ndizi na maharage, wakala wote. Giza likaingia. Bupe akajilaza mkekani, akafumba macho, akalala.

Mvua ilipopungua, Baba Bupe akaja na mwavuli. Hakutaka kumwamsha. Akamwinua taratibu, akamweka mgongoni, na Mama akamfunika kwa kanga.

Sekela alisimama mlangoni. Alimwona Bupe amelaza shavu kwenye bega la baba yake. Aliona miguu yake inaning'inia, haigusi tope.

Na wivu ukamwasha Sekela. Washa, washa, kidogo.

Safari hii hakusema tumbo linamuuma. Akamvuta Mama nguo.

"Mama, namwonea wivu Bupe. Amebebwa."

Mama alikuwa amechoka. Alichuma chai tangu alfajiri, akachimba shimo mchana. Lakini akachuchumaa hapo hapo mlangoni, akampa Sekela mgongo.

"Panda," akasema.

Sekela akapanda. Akaizungusha mikono yake shingoni kwa Mama, akalaza shavu lake begani.

Kitanda kilikuwa karibu, hatua sita tu. Mama hakwenda moja kwa moja. Aliizunguka meza mara moja. Akaizunguka mara ya pili.

Alipofika kitandani, Sekela alikuwa ameshalala.