Ubao wa Mlimani

Haya yalimpata rafiki yangu Talal, muuza spea hapa Bujumbura. Alikuwa China kununua mzigo, na mama yake alikuwa peke yake nyumbani, akisubiri kupelekwa kwenye upasuaji. Talal alitaka kumpigia simu kwanza amwombe radhi kwa kuwa mbali naye. Mwenye kiwanda cha spea akang'ang'ania wapande mlimani, waone monasteri ya kale ya Wabudha.

"Kule rezo ya simu iko?" Talal alimuuliza mkalimani wake, Maxime, Mrundi anayesoma huko.

"Iko, mukubwa. China hata mawe iko na rezo."

Haikuwapo. Ndani ya hekalu mlikuwa na giza. Mtawa asiyeonekana aligonga ubao: mapigo matatu, kimya kirefu, pigo moja. Talal alizunguka nguzo akiinua simu, amekasirika. Rezo ilirudi waliposhuka bondeni, akampigia mama yake.

"Mama, samahani. Mi nimehangaika mchana kutwa."

"Acha utani, mutoto wangu. We si uko hapa inje?"

"Apana, mama. Niko China bado."

"Sasa nani anagonga mulango?"

Talal akasikiliza. Ndani ya simu, kwa mbali: mapigo matatu, kimya kirefu, pigo moja.

"Usifungue," alisema.

Mama alikuwa ameshaweka simu mezani. Talal alisikia ndara zake zikiburuta sakafuni, kisha komeo likavutwa.