Jini la Nusu Dozi

Jipu lilikuwa kwenye paja la binti yake, kubwa kama kifungo cha koti. Mama alipoinama kulifunga bandeji, alilisikia likivuta pumzi.

Akapuuza. Alikuwa na zamu ya kufua mashuka ya hoteli, hana muda wa kusikiliza majipu. Akatoa vidonge vilivyobaki tangu jipu la mwezi uliopita.

"Vichungu," binti alilalamika.

"Meza. Likikauka tunaacha, vingine tunaviweka."

Ndivyo walivyoishi nyumba ile. Kidonda kikikauka, dawa inarudi kabatini kungoja kingine.

Siku ya tatu, saa sita mchana, paja lilikuwa limevimba na kunuka kama nyama iliyosahauliwa juani. Binti alifumbua macho, akazungumza kwa sauti nzito ya mwanamume.

"Asante kwa kunilea. Kila mara ulinionjesha nusu. Wenzangu wadhaifu wakafa, mimi nikajifunza."

Kisha mtoto wa miaka tisa akamkamata mama yake shingoni na kumbamiza kabatini. Meno mawili ya mama yakaanguka sakafuni.

Hospitali walipima usaha. Daktari alirudi na karatasi, uso umemkauka.

"Mama, huyu ni bakteria sugu. Dawa za kawaida anazitafuna kama karanga."

"Dokta, anaongea."

Daktari hakucheka. Alipandisha mkono wa koti, akaonyesha kovu la meno. "Huyu ni wa nne mwaka huu. Ipo dawa mpya, ya dripu, siku kumi na nne. Mtoto atapata nafuu mapema, na hapo ndipo jini litakapoanza kubembeleza. Ukikatisha, litaizoea na hii. Sina nyingine, na mtoto utamzika."

Siku ya kumi kidonda kilikuwa kimefunga.

"Mama, nimepona. Twende nyumbani," sauti ilisema, tamu mno.

"Bado nne."

"Una roho mbaya."

"Ninayo. Lala."

Siku ya kumi na nne muuguzi alipofungua dripu ya mwisho, kitanda kiliruka, muuguzi akarushwa ukutani na mkono wake ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, dirisha likapasuka, na mama akajitupa juu ya miguu ya binti yake, akaushika ule mkono wenye sindano kwa mikono yake yote miwili huku meno yakizama begani mwake hadi mfupani, na sauti ikimlilia sikioni, mara ya mtoto mchanga, mara ya marehemu mumewe, mara ya binti yuleyule akisema mama unaniua, mama niachie, na yeye, damu ikimchuruzika mpaka kiunoni, hakutazama uso ule hata mara moja, alitazama matone tu, moja, jingine, jingine.

Sauti ikawa nyembamba. Ikawa mluzi. Kitu kikatoka pajani kama mvuke wa maji machafu, kikagonga dari, kikapasua taa na kuishia hapo.



"Mama," binti alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mbona umenikalia? Unaniumiza miguu."

Kwenye mfuko wa dripu yalikuwa yamebaki matone machache.

Mama hakuinuka.