Sketi Iliyopunguzwa Mara Tatu

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili na masanamu matatu. Watu walikuwa mama mmoja, Fundi cherehani, na binti yake. Masanamu yalikuwa ya kuvalisha nguo za wateja. Hayakuwa na vichwa wala mikono, na kila moja lilisimama kwa mguu mmoja wa mti. Lile la dirishani, lenye gauni jeupe, waliliita Bibi Harusi.

"Huyu ndiye mwanamke mwenye heri," Fundi alipenda kusema. "Hali, hadai, na gauni jipya kila wiki."

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani aliitwa Kasuku, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa akisema tangu anafumbua macho hadi anayafumba. Lakini mwaka ule maneno yalimwisha. Yaliisha kama uzi kwenye bobini: hujui, hadi uone sindano inatoboa nguo bila kushona.

Aliacha kucheka. Aliacha kwenda kwa rafiki zake. Chakula alikigusagusa tu. Sare ya shule ikaanza kumpwaya. Fundi akafanya lile analolijua fundi. Akachukua tepu, akampima kiuno, akapunguza sketi. Mwezi uliofuata akaipunguza tena. Kisha mara ya tatu. Mshono ulinyooka kama rula. Swali hakuuliza hata moja.

"Ni umri tu," alimwambia jirani. "Utapita."

Basi Bibi Harusi akaanza vituko. Asubuhi Fundi alimwacha ametazama barabara. Akirudi sokoni, anamkuta ametazama ukuta. Mara ya kwanza alilaumu upepo. Mara ya pili alilaumu paka. Mara ya tatu alikumbuka kwamba hawana paka.

Siku moja alipomgeuza, alisikia sauti ndani ya kifua cha sanamu. Chubwi. Kama mtu anayemeza maji. Fundi akamwachia. Akasoma dua zote alizozijua, na mbili alizozitunga palepale.

Alasiri ile wingu lilikuwa zito na chumba kilijaa kiza. Fundi alikuwa akipiga pasi. Akainua macho. Masanamu yamesimama kama kawaida. Moja, mawili, matatu, manne.

Pasi ikabaki hewani.

La nne lilikuwa na kichwa.

"Kasuku?"

Binti yake alikuwa amesimama katikati yao, na sare yake, bila kupepesa macho.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Sijui, mama."

"Unafanya nini?"

"Najilinganisha nao. Nje kuna nguo. Ndani hakuna kitu."

Alipofungua kinywa, harufu ikatoka. Fundi aliijua harufu ile, akaikumbuka na ile chubwi. Akamgeukia Bibi Harusi, akamng'oa kwenye mguu wake. Chini palikuwa na tundu. Ikaanguka chupa ya pombe kali, imeviringishiwa vipande vya kitambaa.

Fundi alifoka hadi sauti ikakauka. Akaimwaga pombe. Akapekua kila kona.

"Nimemaliza," alisema, akipangusa mikono. "Tatizo lilikuwa chupa. Chupa haipo."

Siku mbili baadaye nesi wa kituo cha afya alikuja kujaribu gauni lake. Kasuku alimshikia mama yake kikopo cha pini. Pini zikaanza kulia ndani ya kikopo. Kri, kri, kri. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Jasho lilimtiririka, na siku yenyewe haikuwa na joto.

Nesi alimwona kwenye kioo. "Mwanangu, unaumwa?"

"Alikuwa anakunywa pombe, nesi," Fundi akadakia. "Nimeshamkomesha."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na alikuwa anakunywa kila siku?"

Kasuku akaitikia kwa kichwa.

"Mama Kasuku, sikia," nesi akasema. "Mwili uliozoea pombe kila siku hauachishwi ghafla nyumbani. Unaweza kuugua vibaya, hata kupata degedege. Anahitaji daktari." Kisha akamgeukia binti. "Pombe ilikuwa inakusaidia nini?"

"Kunanyamaza. Huku ndani."

"Na kesho yake?"

"Kelele inarudi. Na wenzake."

Fundi akatazama dirishani bila kutaka.

"Hiyo inaitwa sonona," nesi akasema. "Ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Si uvivu, si jeuri, wala si jini. Mwenye sonona hunywa ili apate nafuu. Pombe nayo inaichochea sonona. Moja linamlisha mwenzake. Ukifukuza pombe ukaiacha sonona, atairudia chupa. Ukitibu sonona na chupa bado ipo, tiba haishiki. Yanatibiwa yote mawili, kwa wakati mmoja."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Kasuku. "Umewahi kutaka kufa?"

"Nesi, tafadhali," Fundi akasema. "Usimtie mawazo hayo."

"Kumuuliza hakumtii wazo, dada. Kunamfungulia mlango."

Kasuku akakiweka kikopo mezani.

"Kuna siku," Kasuku akasema. "Ile niliyosimama na masanamu ilikuwa mojawapo."

Fundi aliitazama ile sketi. "Nilikuwa na tepu mkononi," akasema polepole. "Nilimwona anapungua, nikapunguza sketi."

"Basi sasa punguza kujilaumu, uvae viatu. Tunakwenda leo hii. Na asiachwe peke yake."

Nesi mwenyewe alitembea barabarani na gauni lenye mkono mmoja. Watu walimtazama. Hakujali.

Kituoni daktari alimlaza Kasuku siku nne, hadi mtetemo ukaisha. Akampa dawa ya sonona, akawa anamfuatilia. Kila wiki Kasuku alikutana na mshauri. Mshauri huyohuyo alizungumza naye juu ya pombe na juu ya giza la ndani. Fundi naye alihudhuria. Alijifunza kufungia kabatini dawa na kila kitu cha hatari. Alijifunza kuuliza swali moja kila siku, bila kugomba: "Ndani kukoje leo?"

Wiki ya saba Kasuku alirudi nyumbani ananuka pombe tena. Fundi alifungua mdomo ili afoke. Akaufunga. Kuteleza si kuanguka.

"Imekuwaje, mwanangu?"

Kasuku akalia, akamweleza. Asubuhi wakaenda kwa mshauri wote wawili.

Miezi ikapita. Siku moja Fundi alirudi sokoni, akamkuta Bibi Harusi ametazama ukuta.

Mfuko wa viazi ukamponyoka. Akamsogelea taratibu. Akamtikisa. Kimya. Akamng'oa, akapapasa chini, akitafuta tundu. Tundu halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa kitambaa, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogomidogo, kuzunguka pande zote.

"Nimemshonea," Kasuku akasema nyuma yake.

Fundi akaruka. "Utaniua wewe. Haya, leo umemgeuza ili umshone. Siku zile ulikuwa unamgeuzia nini, na tundu liko chini?"

"Alikuwa ananitazama."

"Kwa kichwa kipi?"

"Wakati ule, mama, alikuwa nacho."

Fundi akaketi. Mvua ilikuwa inaanza nje. "Na ndani kukoje leo?"

Kasuku akafikiri. "Kuna upepo kidogo. Si kama zamani." Akavuta kiuno cha sare. "Halafu hii sketi inanibana. Na mwalimu wa hesabu amenyoa ndevu, sasa anafanana na viazi vyako hivyo hapo chini, na darasa zima tumeshindwa kumtazama, na yule rafiki yangu, unamkumbuka, yule mwenye mwanya..."

Fundi alimpa kanga ajifunge, akachukua sketi, akaanza kuufumua ule mshono wa tatu. Binti yake alikuwa akisema. Mshono wa tatu ukaisha, Fundi akaingia wa pili, na Kasuku bado hajafika kwenye habari yenyewe.