Tuliiokoa Benki ya Dada Yangu

"Mama, wewe huidai benki chochote."

Karani wa kaunta alisema hivyo taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Nyuma yangu foleni ilifika mpaka mlangoni. Wote tulikuja kuchukua akiba zetu baada ya miezi mitatu ya benki kufungwa.

Nikacheka. Nilidhani ameangalia jina la mtu mwingine.

"Angalia vizuri, baba. Hiyo ni akiba ya miaka kumi na moja."

"Nimeangalia mara tatu. Serikali imerudisha akiba za wateja tu. Wenye hisa hawarudishiwi kitu."

"Mimi si mwenye hisa. Mimi ni mteja."

"Ulikuwa mteja, mama. Tangu mwezi wa kwanza wewe ni mmoja wa wamiliki."

Mmiliki... Mimi, fundi cherehani, namiliki benki!

Ngoja nianze mwanzo, ndugu zangu, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Mimi nashona sare za shule. Chumba changu kiko mkabala na geti la shule, cherehani mbili, meza moja ya kukatia na pasi inayokata waya kila wiki. Mzazi akitoka kulipa ada tu, ananiona mimi. Ukinitoa pale, umenimaliza.

Sasa mwaka jana mwishoni mwenye chumba, mzee mmoja mpole, akaniambia anauza.

"Nakupa nafasi wewe kwanza, mwanangu. Mpaka mwezi wa sita, kodi uliyolipa itakapoisha."

Nikapiga hesabu. Akiba yangu ilikaribia bei yake, ilipungua kidogo tu. Nikamkimbilia dada.

Dada yangu anafanya kazi benki. Mtaani wanamwita Mama Benki. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza. Kwa dada mimi sikuwa na siri wala mashaka.

"Pesa ikikaa tu inalala, mdogo wangu," aliniambia. "Tuihamishe ikazae. Mwezi wa sita utanunua chumba na chenji itabaki."

"Nisaini wapi?"

"Hapa. Na hapa."

Nikasaini. Sikusoma hata mstari mmoja. Nani anasoma karatasi ya dada yake kama anamkagua mwizi?

Mwezi wa tatu benki ikafunga milango.

Nilianguka mlangoni kwangu, watu wakanimwagia maji. Dada akaja usiku ule ule na karatasi mpya.

"Usilie. Serikali inaweza kutuokoa, lakini lazima wananchi wapaze sauti. Wewe unajua wazazi wote wa shule hii. Kusanya saini."

Basi nikawa mpiganaji. Nikapimia watoto magauni huku nawapa mama zao kalamu. Saini mia tatu, nilizikusanya mimi mwenyewe!

Kukaitishwa mkutano katika ukumbi wa shule. Mwakilishi wetu bungeni alitaka kusikia kama tunakubali kodi zetu zitumike kuiokoa benki. Aliyesimama kwanza kupinga ni jirani yangu, fundi viatu.

"Mimi sina akaunti," alisema. "Viatu vyangu vikidoda, hasara ni yangu peke yangu. Walipokuwa wanapata faida hawakunigawia hata senti. Leo wameanguka, ndio wananikumbuka?"

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Jirani, walimu wetu wote mishahara yao inapita benki hiyo. Ikifa, hakuna mshahara. Hakuna mshahara, hakuna anayeshona sare wala anayetengeneza viatu. Utakula nini, gundi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Akakaa chini. Nilimshinda, na nilijisikia vizuri, sitawadanganya.

Benki ikaokolewa. Kodi ikapanda... kwenye uzi, kwenye ngozi, kwenye sabuni. Fundi viatu akalipa bila neno. Siku ya malipo alinipungia mkono.

"Haya, fundi mwenzangu, tumekuokoa. Nenda kachukue pesa yako, ununue chumba chako."

Ndipo nikafika pale kaunta.

Karani alinionea huruma. Akatoa faili, akanionyesha fomu niliyosaini. Juu iliandikwa kwamba akiba yangu yote imenunua hisa za benki. Yaani nilinunua kipande cha benki, na benki ilipoanguka, kipande changu kikaanguka nayo. Serikali iliokoa walioweka pesa. Walioimiliki walipoteza.

"Na hisa zenyewe niliuziwa na nani?"

Akaweka kidole kwenye mstari wa muuzaji.

Jina la mwisho lilikuwa la baba yangu. Jina la kwanza lilikuwa la dada.

Nilipanda ngazi mpaka ofisini kwake. Alikuwa amepandishwa cheo, kiti kipya bado kina nailoni. Nikafunga mlango.

"Ulijua benki inaanguka?"

Akavuta faili karibu, akalifungua.

"Dada, ulijua?"

"Nilisikia sikia."

"Ukaniuzia mimi hisa zako?"

"Zilikuwa jasho langu la miaka ishirini! Ningeacha zipotee?"

"Kwa nini mimi? Watu wote hawa mjini..."

Akaanza kupanga kalamu mezani.

"Mtu mwingine angeuliza maswali."

Nilitoka pale. Nililia barabarani kama mtoto, na wala sikuona aibu. Afadhali angeniibia. Mwizi hakuombi usaini.

Nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee mwenye chumba, nimpigie magoti aniongezee muda.

"Muda wa nini tena?" akashangaa. "Dada yako si alishalipa chote tangu mwezi wa pili?"

"Alilipa?"

"Alisema nisikwambie, anataka kukushtukiza kwa zawadi. Mimi nikajua mnanunua pamoja, mnapendana sana ninyi."

Hapo ndugu zangu hata machozi yalikauka. Mwezi wa kwanza alichukua pesa yangu. Mwezi wa pili akaitumia kununua chumba changu.

Tarehe moja ya mwezi wa saba, siku ya kodi, dada akaja. Akakaa kwenye stuli ya wateja, mkoba magotini.

"Najua una hasira," alisema. "Lakini fikiria. Angenunua mtu mwingine, leo vitu vyako vingekuwa nje. Nimekuokoa, mdogo wangu."

"Kwa pesa ya nani?"

Akakohoa. Akaangalia cherehani ile aliyoninunulia yeye, kisha akaangalia pembeni.

"Kodi sitakupandishia. Utanilipa ile ile ya mzee."

Nikalipa. Ningefanyaje, na shule inafungua wiki inayofuata? Nimelipa kodi serikalini kuokoa kazi yake, sasa nalipa kodi ya chumba alichonunua kwa jasho langu. Neno ni moja, kodi, na zote mbili zimeishia kwenye mkoba mmoja!

Jioni nilimfuata fundi viatu, nikamwomba radhi kwa yale ya ukumbini. Nikamsimulia yote. Alisikiliza huku anashona soli.

"Pole," akasema. "Mimi angalau nililipa kumwokoa mtu asiye ndugu yangu. Nilinung'unika bure."

Wengi mtaniuliza kwenye maoni kama najuta kukusanya zile saini. Sijui niwajibu nini. Walimu walipata mishahara, wajane wa foleni ile walipata akiba zao, na hilo sitalipinga. Ila siku hizi mtu akiniambia kuna kitu kinaokolewa, iwe benki, iwe kampuni, iwe ndoa, nauliza mawili kabla sijashika kalamu: kinaokolewa kwa pesa ya nani, na kikishaokoka kinabaki kuwa cha nani.

Mwezi ujao dada atakuja tena kuchukua kodi yake. Safari hii nimemwandalia karatasi ya kusaini, inayosema chumba hiki kilinunuliwa kwa pesa ya nani.

Nitamwambia aisome kwanza.